Mama Aliyejibu Haraka Mno

Nilichapwa kwa sababu ya hesabu kabla hata mwalimu hajapata nafasi ya kunichapa. Ilikuwa miaka ya sitini, wiki yangu ya kwanza shuleni, upande wa Matiliku. Tulikuwa tumefundishwa kuhesabu mpaka kumi, nami nikarudi nyumbani nimevimba kichwa. Jioni, tulipokaa kuizunguka sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe yaleyale ya jana, nikanyoosha kidole na kuanza kuwahesabu ndugu zangu kwa sauti. Moja. Mbili. Kabla sijafika tatu, mwiko wa mama ulitua juu ya kidole.

"Unataka wapungue?" akauliza.

Hakuna aliyenieleza zaidi ya hapo, na hakukuwa na haja. Kwetu watoto hawahesabiwi. Baba alikuwa akisimama mlangoni mwa zizi jioni, anatazama mbuzi wakiingia, anajua mmoja hayupo bila kutaja namba yoyote. Mama alijua watoto wake kwa jinsi hiyohiyo. Nayaweka haya mwanzoni ili nisije nikajitetea mbele ya safari kwamba sikujua. Nilijua. Kidole kilinifunza.

Jambo jingine ambalo nilidhani nalijua ni kwamba mimi ndiye kifungua mimba wa mama yangu. Nilijivunia cheo hicho kupita kiasi. Baba akiwa safarini, firigisi ya kuku ilikuwa yangu, na wadogo zangu waliponuna niliwaeleza kwa upole kwamba wangewahi kuzaliwa wangeipata wao.

Sasa turuke mpaka mwanzo wa miaka ya tisini. Nimesoma, nimekwenda Nairobi, nimefanya kozi mbili za kompyuta, nimerudi na shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, moja ikiwa haiandiki. Mradi mmoja wa makanisa uliniajiri Emali. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mfanyabiashara mmoja Mwislamu kutoka kaskazini mashariki, aliyeuza mchele na sukari lakini moyo wake ulikuwa kwa ng'ombe. Tulimwita Haji. Chini malori yalinguruma kutwa nzima. Juu kulikuwa na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa kama maiti, na vioo viwili vya kijani vyenye kibodi vilivyounganishwa nayo kwa waya. Watu waliniita Injinia. Sikuwakataza.

Ukame ulikuwa mkali mwaka ule, na mradi ulikuwa umepata unga wa uji wa watoto. Kazi yangu ilikuwa kuandika programu ya kuandikisha akina mama. Haikuwa na picha wala mapambo. Iliandika swali kwenye kioo, ikasubiri jibu, kisha ikaandika swali jingine. Jina lako? Kijiji? Umezaa watoto wangapi? Hilo lilitakiwa na watu wa kliniki. Walio nyumbani, chini ya miaka mitano, ni wangapi? Mwishoni programu ilitoa orodha. Nyumba yenye watoto wadogo iliingia orodha ya kwanza na kupata unga kwenye lori la kwanza. Nyumba isiyo na watoto ingesubiri lori la pili, ambalo hakuna aliyejua litakuja lini, au kama litakuja.

Programu kama hiyo ni lazima uijaribu kabla ya watu kuitegemea, na kuijaribu kunachosha. Unajibu maswali yaleyale mara ishirini, unabadilisha mstari mmoja, unajibu tena mara ishirini. Mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekaa nasi majuma mawili alinionyesha njia ya mkato, akaniachia diski. Unaandika programu ya pili ambayo inakaa mahali pa mtu. Inasoma swali kwenye kioo, inabonyeza jibu kama aliyeketi pale, inangoja swali linalofuata. Likija inavyotarajiwa, inasonga mbele. Zikipita sekunde kumi bila swali kuja, inaandika IMESHINDWA. Mambo yakienda sawa mpaka mwisho, inaandika SAWA. Programu hii ya pili niliiita Mjaribu.

Mjaribu alihitaji mama wa kujifanya. Nikamchukua wa kwangu, maana majibu yake nilikuwa nayo kichwani. Nikaandika jina lake na kijiji chetu. Kwenye swali la watoto aliozaa, nikaweka namba yetu sisi ndugu, nikianza na mimi. Namba yenyewe sitaiandika hapa, kidole bado kinaniuma. Nikaweka na wajukuu aliokuwa akiwalea, watoto wa dada yangu aliyekuwa akifanya kazi Mombasa. Haikunipitia akilini kumuuliza mwenyewe. Mtu huulizaje mamaye kitu anachokijua?

Kabla hajaondoka, mtaalamu yule aliniambia, "Mfanye Mjaribu wako awe mtu msumbufu. Ajibu vibaya. Akae kimya." Nikaandika maneno hayo kwenye daftari, nikayapigia mstari, nikalifunga daftari.

Kusema haki, nilijaribu mara moja. Ilikuwa Jumamosi. Nikamfanya mama wa mashine asijibu swali la watoto, abonyeze Enter tu. Programu ikachanganyikiwa, ikaganda. Mjaribu akangoja sekunde zake kumi, akaandika IMESHINDWA. Ningeweza kukaa nifikirie ni mama gani huyo asiyejibu, na kwa nini. Lakini chini kulikuwa na harufu ya nyama ya mbuzi, na rafiki zangu walikuwa wameshaagiza mbavu. Nikaongeza mstari mmoja kwenye programu: asiyejibu, mwandikie sifuri. Nikamwendesha Mjaribu tena. SAWA. Nikaenda kula.

Wiki iliyofuata nilikuwa na maringo yasiyovumilika. Nilimwita Haji apande juu aone. Akaketi, akatazama maswali yakitokea na majibu yakijiandika yenyewe, herufi baada ya herufi, na mikono yangu nimeikunja kifuani makusudi.

"Nani anaandika?" akauliza.

"Hakuna mtu, Haji."

Akasema bismillahi, akarudisha kiti nyuma kidogo. Alipozoea, akasoma yale maswali moja moja, kwa sauti. Akafika la watoto.

"Hii mtu atajibu?"

"Kwa nini asijibu?"

"Mimi ukiniuliza ng'ombe yangu ni ngapi, nitakuambia wako tu, basi. Na hiyo ni ng'ombe tu."

Nikamcheka. Nikamweleza kwamba haya ni mambo ya kisasa. Mzee wa watu akashuka kuuza mchele wake.

Karani wetu, mama wa makamo kutoka vijiji vya karibu, naye alisimama nyuma yangu siku moja na mkebe wa chai. Yeye ndiye aliyekuwa atumie programu ile na akina mama wenyewe. Alimtazama mama wa mashine akimaliza maswali yote kabla chai haijapoa.

"Huyu mama yako anajibu haraka," akasema. "Hajasalimiwa, hajaulizwa mvua, na ameshamaliza?"

"Ni majaribio tu, mama."

"Sawa, Injinia."

Lile "sawa" lake halikufanana na la Mjaribu, lakini masikio yangu wakati huo yalikuwa yamezibwa na sifa.

Siku ya kuandikisha akina mama wa Matiliku mimi sikuwepo. Mkubwa wetu alikuwa amenituma Kabati, upande wa Kitui, nikawaonyeshe wenzetu wa huko namna programu inavyojijaribu yenyewe. Nilibeba diski kwenye bahasha kama hati ya shamba. Niliwaendeshea Mjaribu mara tatu. Mama wa mashine akajibu, akajibu, akajibu, SAWA, SAWA, SAWA. Walipiga makofi. Mzee mmoja wa kanisa akaniombea nizidi kupewa hekima, na mimi nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nilirudi Emali Jumatano asubuhi. Orodha ilikuwa imeshatolewa, imewekwa mezani kwangu, na lori la unga lilikuwa liondoke Ijumaa. Nikaipitia nikiwa nimesimama, kalamu mkononi, tayari kutia sahihi. Nilipofika sehemu ya Matiliku nikaona sifuri. Chini yake sifuri. Ukurasa mzima ulikuwa wa wanawake wasio na mtoto hata mmoja, wanawake ambao nusu yao niliwajua, na sikuwahi kuwaona bila mtoto mgongoni. Jina la mama yangu lilikuwa katikati ya ukurasa. Watoto aliozaa, sifuri. Walio nyumbani, sifuri. Kwa mujibu wa programu yangu mwenyewe, mimi sikuwa nimezaliwa.

Ningecheka, kama si wale wajukuu. Nilikuwa nimewaona wiki mbili nyuma, nywele zimeanza kuwa nyekundu, yule mdogo akilamba kijiko kilichokwisha kulambwa. Lori lingeondoka Ijumaa, lingepita barabara ileile ya kwenda kwetu, na lisingesimama kwa mama.

Nikamwita karani. Alikuja akijifuta mikono.

"Mama, hawa wote wa Matiliku hawana watoto?"

"Wako nao. Wengine walikuwa wananyonyesha hapo ulipo."

"Sasa mbona uliandika hivi?"

"Mimi sikuandika kitu," akasema. "Niliuliza vile mashine inauliza. Wakasema ni wa Mungu. Wakasema tuko nao. Mama yako mwenyewe aliniangalia tu. Sasa mimi nimshike mama ya mtu mkono nimwambie ahesabu syana, watoto wake, mbele ya watu? Nikafinya Enter. Mashine ikaendelea bila shida, nikajua inaelewa."

"Inaelewa nini?"

"Kwamba hatuhesabu. Nikasema hii imeandikwa na mtu wetu, lazima alikumbuka."

Hakusema kwa kejeli. Angesema kwa kejeli ningepata pa kukasirikia. Niliketi. Mtu wetu alikuwa amekumbuka mbavu za mbuzi.

Nilitaka kwanza kutafuta wa kulaumu, nikampata mtaalamu, kisha nikakumbuka daftari. Nikalifungua. Maneno yake yalikuwa pale, yamepigiwa mstari. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilikuwa limevunjika mahali ambapo kila mtu angeliona.

Karani ndiye aliyetoa dawa, na aliitoa huku akikusanya vikombe. "Waulize majina. Majina watakuambia. Mama anaweza kutaja watoto wake mpaka jua lizame. Ni namba tu hataki."

Basi nikayafuta yale maswali mawili ya idadi ya watoto. Mahali pa kila moja programu iliuliza jina la mtoto wa kwanza, kisha MWINGINE?, kisha MWINGINE?, mpaka iambiwe basi. Hesabu ingefanywa na mashine yenyewe, kimyakimya, na kuandikwa kwenye kona ya chini ya kioo kwa ajili ya karani. Nikaondoa na ile sifuri ya Jumamosi. Kuanzia sasa, asiyejibu aliulizwa tena.

Halafu tukamfundisha upya Mjaribu. Nasema tukamfundisha, lakini mimi nilikuwa mkono tu. Karani alivuta kiti, akanitajia akina mama mmoja mmoja, nami nikawaandika. Mama anayeanza kwa kusalimu na kuuliza habari za kwenu kabla ya kutaja jina. Mama anayetaja mtoto, kisha anamsimulia huyo mtoto mpaka mstari unajaa. Mama anayejibu swali kwa swali. Mama anayetaja mtoto mmoja mara mbili kwa majina mawili, la kanisani na la nyumbani. Mama asiyesema kitu. Kila mmoja alipopita, Mjaribu aliandika IMESHINDWA, na kila mara karani alisema "Ehe," kana kwamba hatimaye mashine imeanza kusema ukweli. Sekunde zangu kumi alizikataa kabisa.

"Kwani wewe ukiulizwa kitu kizito unajibu kwa sekunde kumi?"

Nikaziondoa. Nikaitengeneza programu mpaka akina mama wote wakapita, tukamaliza kabla ya giza, na SAWA ya siku ile sikuipigia makofi.

Alhamisi lori la mradi likaenda Matiliku kuwachukua akina mama kwa mara ya pili. Nililiona likisimama chini, nikatamani kuwa na safari nyingine ya Kabati. Walipanda ngazi polepole, na kila aliyenipita alinisalimu kwa heshima yote, jambo lililonichoma kuliko matusi. Mmoja, jirani yetu, alimgeuza mtoto aliyekuwa mgongoni kwake ili uso uelekee kwangu. "Muone vizuri, Injinia," akasema. "Ile siku nyingine ulimkosa."

Karani aliwaandikisha kwenye kioo kimoja. Mama yangu alipofika, alipita kioo cha karani, akaja kuketi mbele ya changu. Akaweka kiondo magotini. Chini vijana walikuwa wameshaanza kupakia magunia, tuliwasikia wakiitana.

"Ni hii ilisema sina mtoto?"

"Si hii, mama. Ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi ndiye niliyeiandika."

Alinitazama kama alivyonitazama ile jioni ya mwiko, halafu akaamua kwamba nimekuwa mkubwa. "Haya. Uliza."

Nikamsalimu kwanza. Nikamuuliza habari za mbuzi, na za kisima. Kisha nikamwomba anitajie watoto wanaolala kwake. Akanitajia wajukuu, kuanzia yule mdogo wa kijiko, na kwa kila jina nilibonyeza Enter na kusubiri. Aliposema ni hao, kioo kikaandika: ORODHA YA KWANZA. Nikamsomea. Akaitikia kwa kichwa, na mimi nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Nikadhani kazi imekwisha.

"Sasa ni wale uliowazaa," nikasema. "Mmoja mmoja, kuanzia wa kwanza."

Vidole vyangu havikumngoja. Vilikuwa vimeandika jibu hilo mara nyingi mno ndani ya Mjaribu. Mama hajafungua mdomo, jina langu lilikuwa tayari kwenye kioo. Mama alisoma shule ya watu wazima ya kanisa, na jina langu alilitambua.

"Nani amekuambia uanze na wewe?"

Nikageuka. Hakuwa na hasira. Alikuwa akitazama ule mstari wa kijani, na kidole chake kilikuwa kikipita kwenye mshono wa kiondo, kikirudi, kikipita. Sekunde kumi zilikwisha. Nadhani zilikwisha nyingine nyingi. Kama angekuwa mama wa mashine, angekuwa ameshashindwa.

"Kulikuwa na msichana," akasema. Akamtaja. Lilikuwa jina la nyanya yangu, mama yake baba. "Alikuwa ameanza kukaa mwenyewe. Andika."

Nikalifuta jina langu, herufi kwa herufi, nikaliandika lile. Miaka yote ile ya firigisi. MWINGINE? kioo kikauliza.

"Halafu mvulana. Huyo hakufikia siku ya kupewa jina."

Nilibonyeza Enter bila kuandika kitu, kwa kuwa sikujua la kuandika, na programu, kama nilivyoifundisha jana yake, ikakataa. JINA? ikauliza tena.

"Inasema nini?"

"Inataka jina lake."

"Iambie hana."

Nikaandika: HANA JINA. Ikapokea. MWINGINE?

"Sasa andika wewe," mama akasema.

Nikajiandika, wa tatu, mahali ambapo mwiko ulinikatiza. Nikawaandika wadogo zangu jinsi alivyowataja, na wote walikuwa wale ninaowajua. Niliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na huzuni ya watu wawili ambao nilikaa sufuria moja na mama yao miaka yote na sikuwahi kujua kwamba nafasi zao ziko pale. Nilitaka kumwambia pole. Nilisema, "Mwaitu," yaani mama yangu, kama tulivyomwita tukiwa wadogo.

"Umewaandika wote?"

"Wote."

"Na hii sasa inajua ni wangapi?"

"Inajua, mama."

"Basi isiniambie."

Kwenye kona ya chini ya kioo namba ilikuwa imeshatokea. Nikaweka kiganja juu yake, nikakiacha pale mpaka alipookota kiondo chake, akainuka, akashuka ngazi kwenda kutazama wanavyopakia.